Dkt. Marieta Wanzagi na Ndama wa Mugeta

Dkt. Marieta Baltazari Wanzagi alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika kijiji cha Mugeta, Bunda, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Baltazari Mwandu na Mama Jenoveva. Aliyemtangulia ni kaka yake Lameck, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Kwa kawaida msomaji hatajwi, lakini Lameck ameomba atajwe, maana liko jambo ambalo hawezi kulipita juujuu mbele ya wakwe zetu wa Butiama.

Alianza Shule ya Msingi Mugeta mwaka 1982, kisha akasoma sekondari mjini Musoma. Tangu utotoni alikuwa na vituko vyake. Akitiwa sukari kwenye chai haikorogi, anaiinamia aone itafika juu yenyewe saa ngapi. "Chai haitazamwagi, Marieta," mama alimwambia. "Inanywewaga." Chai ilipoa kila siku, naye akainywa hivyo hivyo. Mwaka 1998 alihitimu shahada ya kemia Dar es Salaam, na mwaka 2008 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Tarehe 5 Agosti 2000 alifunga ndoa na Onesmo Wanzagi wa Butiama. Walijenga Kamunyonge, Musoma, wakajaliwa watoto wawili, Hilda na Alfonce.

Kazi yake ilikuwa kuunda kwenye kompyuta mfano wa jinsi kemikali zinavyotembea ndani ya seli iliyo hai. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mle ndani ni msongamano, kama zizini jioni. Ziko kemikali ambazo zikigusana tu, kazi imekwisha. Kinachochelewesha ni kupenya kwenye umati hadi zikutane. Marieta alikokotoa huo muda wa kupenya. Nyumbani hawakumwelewa, na Lameck hakuwahi hata kumuuliza.

Julai 2017, mwaka mmoja baada ya kumzika baba, Marieta alikuja Mugeta na daftari na saa. Ndama walipofunguliwa jioni wakanyonye, alisimama langoni mwa zizi akitazama na kuandika. Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi, na dada aliyeolewa akionekana zizini na daftari, majirani hawakosi la kusema. Lameck aliamini dada yake amefuata urithi.

"Ng'ombe za baba hazihesabiwagi!" alimfokea mbele za watu. "Za Butiama umeshazimaliza?"

"Sihesabu ng'ombe, kaka. Napima ndama anachukua muda gani kumpata mama yake."

Lameck aliona huo ni ujanja wa wasomi. Akamtoa, akafunga lango. Marieta hakukanyaga tena Mugeta.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Mwanza, kisha akauguzwa nyumbani Kamunyonge. Mara tatu alimtuma Hilda: "Mwambie mjomba wako aje. Mimi sina neno naye." Kutoka Mugeta hadi Kamunyonge ni mwendo wa asubuhi moja. Lameck alisema atakuja pamba ikishavunwa. Pamba ikavunwa, akasingizia mvua. Ukweli ni kwamba alikuwa na kiburi kwanza, halafu akawa na aibu, na aibu ikawa nzito kuliko kiburi. Alifika tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi. Dada yake alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Juzi Hilda alimkabidhi lile daftari. Hamna humo idadi ya ng'ombe hata mmoja. Kuna ndama kumi na wanne, kila mmoja na rangi yake na dakika zake. Mstari wa mwisho umeandikwa: "Mweupe wa kaka Lameck, dakika tisa. Alizunguka sana. Alipomfikia mama yake, alinyonya papo hapo." Chini yake hapana kitu, maana hapo ndipo lango lilipofungwa.

Lameck anaona aibu, na ameomba isemwe hapa kaburini. Msamaha ulikuwa tayari siku zote. Ilibaki yeye kufika tu.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, na kaka mmoja aliyechelewa miaka minane. Apumzike kwa amani Marieta, binti wa Mugeta.