Injini Iliyogoma Kutema Maji

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, Nahodha alishika kikombe cha kahawa mpaka kikapoa mkononi. Boti yake ya kuvusha watu mtoni ilizima jana katikati ya maji, injini ikifuka mvuke, abiria wakapiga makasia kwa malapa. Na leo saa nne alitakiwa amvushe mama mkwe wake, akamwone ng'ambo mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Nahodha mwenyewe. Mama mkwe, jamani! Huyo humvushi kwa malapa. Nahodha aliogopa, na hofu yenyewe hakuificha.

— Inachemka? — aliuliza Profesa, yule kinyozi, ambaye vitabu vyake vyote ni kalenda za ukutani.

— Inachemka. Na yale maji inayotema ubavuni hayatoki tena.

— Basi inaweka akiba. Akiba haiozi.

— Profesa, maji ndiyo yanayoipoza! Yanaingia ya baridi, yanazunguka, yanatoka.

— Sasa yakitoka yote, yenyewe ibaki na nini?

Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliguna.

— Msimsikilize huyu. Jana jua lilikuwa utosini, mto wenyewe ukawa wa moto. Injini imekunywa maji ya moto. Lakini usihofu, Nahodha, maji moto hayachomi nyumba.

— Boti si nyumba.

— Kwani ukigombana na mkeo huwa unalala wapi?

Nahodha akainamia kikombe chake. Hapo alishikwa pabaya.

— Dawa ni barafu, — alisema Profesa. — Itie kwenye tangi la petroli. Petroli ikiingia ya baridi, injini itachemkia wapi?

— Wewe utaiua! Ivishwe blanketi bichi. Nitaishonea mwenyewe, niitie na vifungo.

— Au iende kinyumenyume, upepo uipige kisogoni. Mvumilivu hula mbivu.

— Mvumilivu anaingiaje hapo?

— Anaingia kinyumenyume.

Cha kusikitisha ni kwamba Nahodha alikuwa ameanza kuwaza blanketi lipi la nyumbani atalitoa. Mara akamwona mama mkwe anakuja, kikapu cha nepi kichwani, mwendo wa mtu asiyependa kuchelewa. Wote watatu wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Baba, tunaondoka?

Nahodha alitamani ardhi ipasuke. Akaona heri aseme kweli.

— Mama, injini inachemka. Haitemi maji.

— Tangu lini?

— Tangu jana.

— Na juzi uliifanya nini?

— Niliipaka rangi, mama. Ya buluu. Kwa ajili yako.

— Uliipaka wapi?

— Kote! Kuanzia kichwani hadi mguu unaozama majini. Sikuacha hata pa kuweka kidole.

Mama mkwe, ambaye bustani yake ya mboga huimwagilia kwa pampu, alishusha kikapu taratibu.

— Na vile vitundu vya kunyonyea maji, huko mguuni, viko wapi sasa?

Nahodha alihisi uso unamchemka kuliko injini. Sindano akamkabidhi sindano nene ya kushonea turubai.

— Twende, — alisema mama mkwe. — Wewe utazibua, mimi nitakushikia mguu wa injini. Ila sipandi mpaka niyaone maji yakitoka kwa macho yangu. Na nikivuka nitamwambia binti yangu, mumeo ananiheshimu mpaka ameiziba injini pumzi.

Akacheka. Nahodha naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha mama mkwe akawageukia wale wawili.

— Na nyinyi washauri wake wa benchini, nani kati yenu aliteremka kuiangalia?

Sindano akainama kutafuta uzi kwenye suruali yake. Profesa akaona bora amimine kahawa, akainua birika, na birika lilikuwa tupu.