Fomu ya Bi Mahfudha

Mwaka wa pili wa uhuru, hospitali moja ya uzazi kisiwani Mombasa iliingiwa na adabu mpya: ilianza kuwauliza kina mama kama waliridhika. Taib, mshona kofia wa Kibokoni, akapewa fomu ampelekee mkewe Mahfudha, mwenye mimba ya pili ya miezi minane. Daktari alikuwa ameonya kwamba aliyetokwa na damu nyingi kwa mtoto wa kwanza asithubutu kuzalia nyumbani. Mahfudha naye alikuwa ameapa harudi kule, bora afe. Taib aliogopa yote mawili. Basi, badala ya kutembea hatua arubaini mpaka nyumbani kwa mke aliyejua kusoma kuliko yeye, akaipeleka fomu barazani kwa Gharib muuza kahawa. Mabingwa walikuwa tayari wamekaa: Athmani Redio, mwenye kujua habari kabla hazijatokea, na Ngala Spana, fundi wa reli.

— Haya, soma, akasema Redio.

— “Ni jambo gani halikumridhisha mama?”

— Kitanda! akasema Redio. Kirefu mno kile. Mwanamke akiwekwa juu hushikwa na kizunguzungu, na mtoto huogopa kushuka.

Taib akaandika: kitanda.

— Si kitanda, akasema Spana. Ni pangaboi lile la darini. Lazunguka kushoto, na mtoto yuwazunguka kulia. Hapo, ndugu yangu, watarajia nini?

— Wallahi kweli! akasema Taib, akaandika.

— Na uji hauna tangawizi, akasema Gharib akimimina.

— Andika na rangi ya ukuta, akasema Redio. Kijani ile yatia huzuni.

— Wewe uliingia lini wadi ya wazazi? akauliza Spana.

— Sikuingia. Nalipita nje na baskeli.

Ukurasa ukajaa. Taib akashusha pumzi, akatia jina la mkewe chini kwa hati nzuri kabisa.

Hapo akatokea Bi Mwanaesha, kungwi aliyemfunda Mahfudha tangu usichana.

— Assalaam aleikum, wanangu. Mwaandika nini?

Redio akamsomea yote, mpaka pangaboi. Bibi akasikiliza kwa heshima.

— Vyema. Nami nina suali moja. Siku ile akizaa, ni nani aliyemshika mgongo?

Kungwi ndiye hukaa nyuma ya mzazi, akamkumbatia mpaka mtoto atoke. Wote pale walizaliwa hivyo.

— Si… wauguzi? akasema Taib.

— Wauguzi walinifungia nje ya lango. Nikamsikia akiniita, nami sina njia ya kumfikia.

Taib aliona aibu. Akalikata jina alilotia, akakata na orodha nzima.

— Taib, kahawa yako! akaita Gharib.

— Inywe wewe. Naenda kumuuliza mwenyewe.

Hatua arubaini zile alizikimbia.

— Lakini lile pangaboi, akasema Spana baadaye, si lirekebishwe tu?

Gharib akalitikisa dele la kahawa, lilikuwa tupu.