Uzi au Gundi kwa Bega la Leah

Benchi letu pale njia panda ya Mkiwa limeegemea ukuta wa ghala la alizeti, upande wenye kivuli asubuhi. Tangu tulipomzika mke wangu Klara, mwezi wa pili, mimi hufika pale nikitoka kusali, kwa sababu asubuhi ya nyumbani ni ndefu. Soli huwa keshafika. Ni fundi viatu, na kazi yake anaifanyia hapo hapo benchini, wateja wakimsubiri pekupeku. Shazia anashona magunia mlangoni mwa ghala. Jina amelipata kwa ile shazia, sindano kubwa ya magunia, anayoichomeka kwenye kofia. Mizinga anauza asali kando ya barabara. Ignas anatuuzia kahawa, na anasikiliza kuliko anavyouza. Siku hiyo mimi ndiye niliyeleta mada.

— Leah wangu anaenda Dodoma Alhamisi, nikawaambia. Lile kovu la nyuma ya bega, alilolipata alipomwagikiwa uji akiwa mdogo, daktari atalikata. Anataka avae gauni la harusi bila kujifunika mtandio. Sasa kaambiwa achague: ngozi ya juu ifungwe kwa uzi au kwa gundi. Kaniuliza mimi, na jioni anataka jibu.

— Gundi? akauliza Shazia. Ya kumpaka mtu?

— Ya ngozi. Siku hizi ipo.

Soli akaweka chini kiatu alichokuwa nacho.

— Hapo mmefika kwangu. Gundi ndiyo inayonilisha. Unapaka huku, unapaka na huku, halafu unaiacha upepo uipige kidogo. Mpaka ukigusa isikunate kidole. Ndipo unakutanisha.

— Kwa hiyo mtoto wa watu alale pale bega limeachama, daktari anampepea na gazeti? akauliza Shazia.

— Kwani haraka ya nini?

— Haya, wamekutanisha. Halafu?

— Halafu unagonga nyundo.

Tukacheka wote, na Soli mwenyewe akacheka, lakini alikuwa hajamaliza.

— Kwa ngozi ya binti hawatagonga kwa nguvu, akasema.

Nikawaeleza nilivyoelezwa na Leah. Ngozi inakutanishwa kwanza, na gundi inapakwa juu yake, kama rangi ya kucha. Chini kunabaki nyuzi nyingine zinazoyeyuka zenyewe. Gundi ya juu hubanduka yenyewe siku zikipita, lakini uzi wa juu ni lazima arudi hospitali ukatolewe.

— Juu tu? Soli akanitazama kama niliyemtukania kazi. Sasa itashika nini? Hiyo si gundi, hiyo ni rangi ya viatu.

— Uzi, akasema Shazia. Gunia langu linafika Dar es Salaam lilivyo. Nani kaona gunia la gundi?

— Gunia haliolewi, akasema Mizinga.

— Lakini linabebwa! Na bega linabeba. Huyo atainua mkono kumlisha bwana keki, paa! Linafunguka mbele ya ukumbi mzima, shangazi wanazimia, keki ina damu.

— Anaogopa alama za uzi, nikasema. Zile zinazokaa kama reli.

— Ni mkono wa mshonaji, Baba Leah. Mimi nikitulia, mshono hauuoni.

— Wewe? Soli akamgeukia. Gunia lako la juzi lilimwaga alizeti kutoka hapa mpaka Manyoni. Kunguru walishiba wiki nzima!

Mizinga alikuwa anapuliza kahawa yake, akitungoja tuchoke.

— Mnahangaika bure. Nyuki ana gundi yake, ile nyeusi ya kuzibia nyufa za mzinga. Panya akifia mzingani, akawa mzito hawawezi kumtoa, wanampaka ile. Haozi. Unamkuta vile vile na masharubu yake.

— Unataka mwanangu akae kama panya?

— Nataka asioze! Na tena akipakwa ile, nyuki watamwona ni mwenzao. Atarina asali na gauni lake la harusi, mchana kweupe, hata moshi hahitaji.

— Na bwana harusi je? akauliza Ignas. Nyuki watamkubali?

— Huyo apakwe naye, akasema Mizinga bila kucheka.

Nikawarudisha kwenye mada. Nikawaambia daktari kasema gundi haitaki mafuta wala kukwaruzwa, na vyovyote atakavyochagua, kidonda kitazamwe kila siku kama kimevimba au kimeachia. Kovu lile mimi sijaliona tangu Leah alipokua. Klara ndiye aliyekuwa akilipaka samli, mlango umefungwa, nikiwasikia wanacheka.

Kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu na tenga lake la kuku, anangoja gari la kwenda Ikungi. Akasogea.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Samahanini, nimewasikia. Huyo binti, kidonda si kitakuwa mgongoni? Hawezi kujiona huko. Sasa iwe uzi, iwe gundi, akirudi nyumbani nani atamtazama?

Kahawa ilikuwa imeisha kwenye birika. Soli alimtazama Shazia, Shazia akamtazama Mizinga.

— Mama yake, nikasema.

Likanitoka hivyo hivyo, kama lilivyokuwa likinitoka miaka yote, kila nilipoulizwa jambo la Leah.

Ignas alishika vikombe vyake visigongane.

— Ah, basi hakuna neno, akasema yule mama, uso umemkunjuka. Kama mama yupo, mwacheni achague anachopenda.

Kosta ya Ikungi ilikuwa imesimama. Kondakta akalipandisha tenga juu, na yeye akaingia, akatoa kichwa dirishani.

— Msalimie mama Leah!

— Zimefika, nikasema.