Misalaba Kumi na Moja ya Sylvère

Pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye kona, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya birika la Seifu muuza kahawa. Mwaka ule wa 1969, aliyetaka kujua mvua itanyesha lini au nani anaoa hakuhitaji redio: alikaa pale akapewa jibu, tena majibu matatu. Jioni hiyo alifika Sylvère, karani wa bandarini, waliyemwita Mhuri, kakumbatia daftari la shule. Mkewe Pascaline aliumwa tumbo kila mwezi tangu mwaka wa harusi, maumivu ya kumkunja hata akatambaa. Waganga wawili wa hospitali walishamwambia ndivyo wanawake walivyoumbwa. Wa tatu alisema huu ni ugonjwa, akaagiza siku za maumivu ziandikwe kwa miezi mitatu. Kesho yake asubuhi mganga huyo angelisoma daftari, aamue kama atampasua au atamrudisha nyumbani na aspirini. Kazi ya kuandika Sylvère alijipa mwenyewe. Nani mwingine, na karani yupo?

— Ugonjwa gani huo? akauliza Aloys, fundi baiskeli, aitwaye Profesa kwa sababu hajapata kusema "sijui".

— Jina yake ndefu, andometrioze. Muganga alinieleza: nyama ya ndani ya kizazi inaota pahali si pake. Kila mwezi inatoa damu kule kule, na damu haina njia ya kutokea.

— Ngoja, akasema Namegabe, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye mwaka wa nne sasa anangoja karatasi zake, ndiyo maana wakamwita Viza. Inaishi kwa jirani bila kibali? Basi ni mukimbizi kama mi!

Ubao mzima ukatikisika kwa kicheko. Sylvère naye alicheka, ingawa hakutaka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Aloys kwa sauti ya padri.

— Profesa, mwenyeji ndiye anaumwa! akasema Sylvère.

— Basi mugeni hakukaribishwa muzuri. Tusomee tarehe, Mhuri.

Sylvère akasoma. Misalaba kumi na moja ya siku za maumivu, imepigwa rula.

— Munaona? Aloys akaruka. Ile ya kwanza, meli ya Kigoma ilifika! Honi ya meli inatikisa matumbo. Mi mwenyewe niliharisha.

— Apana, Namegabe akakataa. Ni ziwa. Ziwa ikipanda, Buterere inajaa maji, na matumbo inajaa vile vile.

— Basi mupeleke Kiriri, akasema Seifu akimimina kahawa. Kule mulimani maji haifiki.

— Atalala wapi? akauliza Sylvère.

— Kwa balozi!

— Tena kule ile nyama haitahama tena, akamaliza Aloys. Itaogopa imbwa za wazungu!

Kwa kicheko Namegabe alimwaga kahawa kwenye suruali ya mteja aliyokuwa akiipinda magotini. Sylvère alicheka hadi machozi, na kwa mara ya kwanza tangu miezi ile mitatu akajisikia mwepesi. Kumi na moja tu! Ugonjwa wenyewe mdogo, akajiambia, huenda muganga asishike hata kisu.

Hapo Pascaline akatokea, polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika chupa tupu ya bia iliyofungwa kitenge. Jioni za namna hiyo Seifu humjazia maji ya moto akailaze tumboni. Wanaume wakasogea. Akaketi ubaoni, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya pale, akavuta daftari.

— Sylvère, kumi na moja tu?

— Zote ziko hapo, mama. Kila siku sufuria haikupanda moto, nilitia musalaba. Sikukosa hata moja.

Pascaline akamtazama.

— Na siku nilipika huku ninaumwa, uliandika wapi?

Namegabe akaanza kufuta kahawa kwenye suruali ya mteja. Sylvère aliona haya zikimpanda hadi masikioni. Aliziona sahani zote za maharage alizokula akishukuru Mungu kwamba leo mke mzima. Akachomoa penseli sikioni, akampa.

Pascaline akaanza kutia misalaba, bila rula.

— Hii ni siku ya ubatizo ya mutoto wa jirani Candide! Sylvère akashtuka. Lakini ulicheza ngoma!

— Nilikuwa najikunja. Mukapiga makofi.

Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Ukurasa ukajaa, Pascaline akafunua mwingine. Seifu, bila kuulizwa, aliinamisha birika la maji ya moto juu ya chupa hadi tone la mwisho. Namegabe akanyoosha kikombe chake kitupu, akakirudisha: maji ya kahawa yalikuwa yamekwisha.

Alipomaliza, Pascaline akajilazia chupa tumboni, akamrudishia mumewe penseli.

— Imebaki ya leo. Maharage iko tayari nyumbani, nimepika. Andika.

Sylvère akaandika.