Celestine Bosibori, Fundi Aliyekataa Kutubu

Marehemu Mama Celestine Bosibori alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 huko Nyamarambe, mtoto wa tatu wa Mzee Nyamongo na Mama Mokeira, ambao wote walimtangulia. Alikuwa mtu wa kinyongo. Familia inalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikataza kurembwa kwa maneno akishalala.

Alisoma shule ya msingi ya nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1971. Nafasi ya sekondari alipewa kaka yake, jambo ambalo hakulisahau hata siku ya kumzika kaka huyo. Akaenda mjini Kisii kujifunza ushonaji.

Mwaka 1976 aliajiriwa na Manubhai, mwenye duka la vitambaa na sare za shule, na akakaa kwenye mashine yake ya kushonea miaka arobaini. Wiki ya kwanza alishona mashati thelathini, mifuko yote upande wa kulia badala ya kushoto. Manubhai akamwambia mwalimu mkuu kwamba sasa wanafunzi wake hawatapotea sokoni, na watoto wakayavaa mwaka mzima. Kila Jumatano saa nane, hata Januari wazazi wakiwa wamepanga foleni hadi barabarani, mashine ilifunikwa ili Bosibori aende maombi ya akina mama. Manubhai alikuwa Mhindu, na maombi yale hayakumhusu ndewe wala sikio. Hata hivyo hakumnunia hata siku moja.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Ogeto, mkulima wa majani chai hapa Itumbe. Manju, mkewe Manubhai, ndiye aliyekata gauni la bibi harusi. Mungu aliwajalia Maureen, Okemwa na Brandon. Mzee Ogeto aliaga dunia mwaka 2011.

Manubhai alifariki tarehe 9 Februari 2017. Wahindu wa mjini walikuwa na kiwanja chao cha kuchomea maiti tangu zamani. Asubuhi ya mazishi walikuta njia imewekwa magogo, na mbele ya magogo wamesimama wazee wa kanisa la Bosibori, wakiongozwa na Mzee Ombati, wakisema moshi wa wapagani hautapita juu ya nyumba za Wakristo. Mwili ulipelekwa kuchomwa Kisumu. Bosibori alikaa kiti cha nyuma cha gari na Mama Manju, na hasira iliyomwingia siku ile haikutoka tena.

Familia ya Manubhai ilienda mahakamani, ikitegemea vifungu vya 27 na 32 vya Katiba, kuhusu usawa na uhuru wa dini. Bosibori akawa shahidi wao. Wakili wa wazee alimuuliza kama Mkristo anaweza kutetea ibada ya kuchoma watu. Akajibu, "Mimi hiyo ya kuchoma siijui. Lakini huyu mzee hakuwahi nizuia kuomba. Sasa nimzuie kufa vile dini yake inasema?"

Tarehe 3 Septemba 2018 kanisa lilimtenga kwa barua yenye sahihi saba. Yeye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kwa miaka kumi na tisa akaanza kuomba peke yake jikoni.

Kilichowaponza wazee ni bidii yao. Kwa Mzee Ombati, jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za kamati ya kanisa halijatendeka. Basi aliwasilisha mahakamani kumbukumbu zote, zimepigwa mhuri kila ukurasa, zikiwemo zile zilizosema Wahindi wakumbushwe kwamba wao ni wageni. Jaji alizisoma kwa sauti. Hukumu ya tarehe 17 Juni 2022 ilisema sababu haikuwa moshi, ilikuwa dini ya mtu, na kiwanja kikafunguliwa. Bosibori alicheka hadi nje ya lango, na hakuona haya.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2019, kikafika kwenye figo. Januari mwaka huu wa 2025 wazee walimtembelea. Mzee Ombati akamwambia, "Mama, tubu tu kidogo, tukurudishe kwa kitabu cha kanisa, upate kuzikwa vizuri."

"Nyinyi ndio mahakama ilipata na makosa," akasema. "Anzeni nyinyi kutubu, mimi nisikize."

Waliondoka bila kumaliza chai. Alifariki tarehe 2 Machi 2025, akiwa na miaka sitini na saba. Hakusamehe, na asisingiziwe.

Ameacha watoto wake watatu, wajukuu sita, dada yake Nyangate, na Mama Manju, pamoja na Ishan na Shreya, wajukuu wa Manubhai waliomwita nyanya.

Limebaki agizo lake, alilotia sahihi mbele ya wakili. Wazee saba waliomtenga wapewe viti vya mbele, kivuli na chakula kama wageni wote. Udongo wake wasiutie, hata kiganja kimoja. Wa kwanza kuutia atakuwa Mama Manju.

Mama Bosibori apumzike kwa amani. Wazee wetu saba, tafadhali bakini mmeketi.