Kasha la Juzuu Mbili

Isogezeni meza hapa ubavuni mwa kitanda, wanangu, isogezeni mpaka nifikie kuigusa, na wewe kifungua mimba acha kusimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na wewe kitinda mimba toka hapo dirishani, barabara ile umeijua tangu unatambaa, haina jipya. Kaeni. Mmoja huku, mmoja huku. Nimewaita kwa ajili ya wosia, na wosia nitautoa, ila sitautoa kwa watu waliokunja mikono, maana aliyekunja mikono husikiliza ili apate la kujibu, na mimi pumzi ya kujibizana sina. Shikeni kazi. Kadibodi iko uvunguni, gundi nyeupe imo kwenye lile kopo, kisu mnajua kilipo. Mtatengeneza kasha la vitabu, leo hii, mbele ya macho yangu, huku nikisema.

Fungueni dirisha kwanza. Joto hili litaniua kabla ya wakati.

Mnaulizana kwa macho ni kasha la vitabu gani. La, hamuulizani, mnaniuliza mimi, kila mtu kwa jicho lake. La vitabu vya baba yenu. Ndiyo maana kila mmoja nilimtumia neno aje na juzuu yake, nikasema nataka kuiona mara ya mwisho, na sikumwambia yeyote kwamba mwenzake naye anakuja, kwa sababu ningesema, asingekuja hata mmoja. Msinikunjie uso. Mgonjwa ana ruhusa ya ujanja kidogo.

Wekeni hapo mezani. Pamoja. Nimesema pamoja, si moja kaskazini na nyingine kusini. Hee, tazameni zilivyochakaa! Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, kutwa akipanga maneno ya watu wengine, matangazo ya mnada na kadi za harusi za watu asiowajua, na kazi ikiisha akibaki kupanga ya kwake, hadithi alizokuwa akiwasimulia nyinyi mkiwa mmelala chali kwenye mkeka na miguu ukutani. Alichapa nakala moja tu. Mimi nikaijalidi. Yeye alitaka kiwe kitabu kimoja kinene, nami nikamwambia, mume wangu, uzi nao una haki zake, kitabu kinene hivyo kikishikwa na watoto mgongo hautadumu, tufanye juzuu mbili. Tulibishana, tukanuniana, tukabishana tena, mwishowe tukakata pale unene uliporuhusu, katikati kabisa ya hadithi ya kobe anayekwenda kuposa. Juzuu ya kwanza inaisha kobe yuko njiani, ya pili inaanza amepiga hodi ukweni. Na nyinyi mkazigawana! Wajukuu zangu wa kwa kifungua mimba wanajua kobe aliondoka, hawajui kama alifika. Wa kwa kitinda mimba wanajua alifika, hawajui alitoka wapi wala kwa nini kavaa kofia. Nimecheka hilo mbele za watu, lakini nikibaki peke yangu nalilia.

Pimeni basi, mbona mmekodoa macho? Kasha ni kitu chepesi: mbavu mbili, kisogo, kipande cha juu na cha chini, na upande mmoja unaachwa wazi ili migongo ya vitabu ionekane. Hata mtoto wa shule atalifanya akitulizwa. Kazi iko kwenye kupima.

Naona. Kila mtu anapima ya kwake. Wewe na rula yako ya chuma, fundi wa vitabu kama mama yako, na wewe na hiyo futi ya fundi cherehani inayoning'inia shingoni hata ukija kumwona mgonjwa. Mnaandikiana namba kwenye vikaratasi na kusukumiana kwa kidole. Haya. Endeleeni. Nitasema ya mali huku mkikata.

Nyumba hii siigawi kwa ukuta. Chumba cha mbele kibaki karakana, na mashine ya kubana vitabu isitoke pale ilipo, hiyo ni ya kifungua mimba, ameipaka mafuta tangu hajaota ndevu. Vyumba vya nyuma ni vya kitinda mimba, aweke cherehani zake, mwanga wa huko ni mzuri kwa kushona. Ua ni wa wote, na kamba ya nguo ni ya wote, mtakutana hapo mpende msipende. Deni langu ni moja, ile atlasi ya mwalimu mkuu mstaafu, niliahidi kuishona upya, ikanishinda nguvu. Ishone wewe, kifungua mimba, umpelekee mwenyewe mkononi, na umwombe radhi kwa kuchelewa. Jirani seremala, ambaye maji yake machafu yamenitesa uani miaka yote hii, mwambieni nimemsamehe kwa moyo mweupe. Kisha mwambieni azibe huo mfereji.

Funga dirisha, mama wee. Hao wachomea vyuma wa nje na kelele zao hawana hata chembe ya huruma.

Nani amegonga? Mwambieni mama amelala. Mwambieni aje kesho. La, msimwambie kesho. Mpeni maji anywe aende zake.

Mto huu nao una mawe? Niinueni. Basi, basi, inatosha. Sasa nitasema lile ambalo kila mmoja ananijia nalo kwa wakati wake, na kila mmoja nampa sikio, mpaka nimekuwa mimi ndiye posta ya ukoo huu, nikibeba salamu zisizotumwa. Siku ya maziko ya baba yenu, wewe kifungua mimba ulisema tusisubiri, jua kali, wageni wametoka mbali, mzee apumzike. Na wewe kitinda mimba ulikuwa njiani, gari limeharibika, ukafika na viatu vyenye vumbi mkononi, ukakuta watu wanaosha sahani. Hukulia. Uliingia ndani, ukatoa juzuu ya pili rafuni, ukaondoka nayo, na tangu hapo hamjaitana hata kwa "wewe". Mnataka niseme nani ana haki. Nitasema: nyote wawili. Aliyetoa amri alitoa kwa kumheshimu baba, na aliyekosa kumwona baba alikosa kitu ambacho hakirudi. Ndiyo maana jambo hili haliishi! Mwenye kosa na mwenye haki wakigombana, mmoja huomba radhi na mambo yakaisha. Lakini wenye haki wawili, nani aanze? Watu wa pembeni wakawasaidia kusimama mbali mbali, na mhenga alishasema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Wale waliokuwa wanawachochea wako wapi leo? Wameshika majembe yao, wanalima kwao, na nyinyi mnakauka.

Mmekwisha kubandika? Imeshika? Haya, ingizeni vitabu, nione.

Ya kwanza imeingia. Ya pili je? Sukuma taratibu. Nimesema taratibu, utaichubua! Imekwama. Imekwama nusu ndani nusu nje. Msinitazame mimi, mimi niko kitandani. Nyamazeni niwaambie kilichotokea. Kifungua mimba, wewe ulijua kwamba karatasi ya kupamba ndani na kitambaa vitakula nafasi, ukasema moyoni, hiyo ataiongeza yeye. Kitinda mimba, mtu anayeacha nafasi ya kupumua kwenye kila gauni, nawe ukasema, yeye ndiye fundi vitabu, ataiongeza yeye. Kila mmoja akamwachia mwenzake bila kumwambia. Nililiona jambo hilo likija tangu vikaratasi vya kwanza. Sikusema. Ningesema mngenisikiliza mimi, na mimi sitakuwepo, wanangu, hamtaki kulisikia hilo lakini sitakuwepo.

Ling'oeni. Ling'oeni lote, mtupe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mnakimbilia wapi? Kadibodi ipo, gundi ipo, mimi nipo bado, ingawa harakisheni, miguu yangu imeanza kuwa ya mtu mwingine. Sasa sikieni namna ya kupima. Juzuu hazipimwi moja moja kisha zikajumlishwa. Zinasimamishwa pamoja, mmoja anazibana kwa viganja viwili, si kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, na mwenzake anapima zikiwa zimebanwa. Mtu mmoja hawezi. Nimejaribu mimi mwenyewe, peke yangu, kabla sijalala hapa, nikitaka kuwamalizia kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nani atabana? Bana wewe, kifungua mimba, wewe una viganja vya baba yako. Na wewe, kitinda mimba, pima.

Kohoo hili. Maji. Asante.

Umesema nini? "Unabana mno." Mimi nimesikia "unabana mno", lakini huenda masikio yangu ni ya mgonjwa, sijui limesemwa na nani wala kwa nani. Endeleeni. "Hapo je?" "Legeza kidogo juu." "Hapo hapo, usitikise." Eh. Sisemi kitu. Namtazama yule mjusi darini, anapita zake.

Nani ameitaja karatasi ya ndani? Naam! Ameuliza mwenyewe! "Umeiachia nafasi karatasi ya ndani?" Mjibu. Vizuri. Na kitambaa? Vizuri. Sasa kata, kisu kipite mara nyingi kwa wepesi, usitake kukata kwa hasira mara moja, kadibodi haiogopi hasira ya mtu. Kata na kijinafasi cha nusu duara mbele, pande zote mbili, kidole gumba kipate pa kushika, maana kitabu kinachoingia na kisitoke kimezikwa, hakikuhifadhiwa. Gundi nyembamba. Nyembamba! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sitakusifu mpaka nilione limesimama.

Moyo wangu unakwenda mbio, sijui unamfukuza nani. Hapana, msiite daktari, daktari amekwisha sema yake na mimi nimekwisha mwelewa. Nishikeni tu huu mkono. La, uacheni, mtapaka gundi kwenye shuka. Fanyeni kazi.

Mnajua kwa nini nataka kasha na si rafu? Rafuni kila juzuu inasimama peke yake, mtu anachukua moja na nyingine haijui. Kasha la mbili halikubali moja. Ukitoa moja, iliyobaki inalala upande, mgongo unapinda, mafungu ya kurasa yaliyoshonwa ndani yananing'inia kwa uzi, na baada ya muda kurasa zinaanza kumwagika. Nimezirudisha kurasa za namna hiyo maisha yangu yote, vitabu vya watu, na kila nilipozirudisha nilikuwa nawawaza nyinyi. Nimewakosa, wanangu. Mko hai, mnanitembelea, mnaniletea matunda, na bado nimewakosa, kwa sababu niliwazaa wawili nanyi mnakuja mmoja mmoja.

Sema tena. Umemwitaje? "Kaka, shika hapa." Kaka. Ah. Nipeni kitambaa, jicho limeingiwa na kitu.

Limeshika? Ingizeni. Pamoja, kwa mikono miwili, msisukume, ziacheni ziende zenyewe. Mnasikia? Hiyo pumzi inayotoka nyuma ndiyo dalili ya kipimo cha kweli, hewa inatoka polepole na vitabu vinaketi. Zimeketi. Nileteeni nishike. Zito. Ukingo wa kushoto umepinda kidogo, msilie, kazi ya kwanza. Ni zuri. Haya, nasifu. Ni zuri sana.

Nimechoka sasa. Niteremsheni mto. Mwanga huu umekuwa mwingi, vuta pazia, au basi, liache, nataka kuwaona.

Unaniuliza nini, kifungua mimba? Kasha litakaa kwa nani? Na wewe kitinda mimba umeinua kichwa, nawe ulikuwa unalingoja hilo. Nyumba nimeigawa, mashine nimeigawa, hata kamba ya nguo nimeitolea hukumu. Kasha siligawi. Sina neno juu yake. Likae kwa huyu, likae kwa yule, lizunguke, watoto wote wasomee chini ya dari moja, sijui, sitaki kujua. Swali hilo msinielekezee mimi. Ulizaneni.

Mungu awape... ngoja. Ngoja nipumue. Mungu awape maneno, hata makali. Awape ua ulio na nguo za pande zote mbili. Awape watoto wanaowasumbua kwa maswali. Nimeridhika nanyi, nyote, sina kinyongo wala neno nililolificha. Mnizike ikifaa kuzikwa, mapema au baadaye, mkiwa... mkiwa mmekubaliana.



Nani kasema "shh"? Msinong'one. Sijalala. Nimefumba macho tu, nasikia vizuri zaidi hivi. Mlikuwa mnasema nini... hiyo ya mwaka mmoja kwako na mwaka mmoja kwake... bishaneni, bishaneni kwa sauti, wanangu, ndio... ndio usingizi wangu huo.

Kitinda mimba. Kaka yako amekuuliza. Nimemsikia. Amekuuliza... siku ile ya maziko ulikuwa... ulikuwa umefika wapi njiani.

Mjibu.