Damu Niliyotaka Kuisafisha

Ndugu zangu katika Bwana, amani iwe kwenu. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yangu.

Wengi hapa Diani mnanijua: Yona, mtu asiyekaa. Shule niliiacha darasa la nne, nikazunguka kutoka Rabai hadi Jego, nikishika kila kazi kwa hamu tu ya kujua inavyofanywa. Kisha Mungu akanipa mke, Damari, nikatulia Waa, nikawa mfua nazi, kazi ya kuzivua makumbi. Chakula chetu chote kilitoka katika viganja hivi.

Ndipo vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi vilikuwa vigumu kama vijiti, na havikukubali kukunjika mpaka jua lipande. Siku ya Uhuru watu walipiga makofi bendera ikipanda. Mimi nilisimama mikono kwapani. Wenzangu kazini walinitania: "Yona, nazi hizo unazifua au unazibariki?" Nilicheka nao, lakini nilikuwa na hofu. Bila mikono, Damari angekula nini?

Nikaenda hospitalini Msambweni. Daktari alinibonyeza vidole, akaniuliza habari za asubuhi zangu, akasema huenda ni baridi yabisi, ile inayokula viungo. Damu yangu ikatolewa. Nyingine ilipelekwa Mombasa kutafutwa dalili ya ugonjwa huo. Nyingine mpima damu aliisimamisha katika mrija mwembamba wa kioo. Nikaomba kutazama. Baada ya saa moja wekundu ulikuwa umezama mbali, juu yamebaki maji ya manjano. Akapima kwa milimita ilivyozama, akaandika sabini, akaniambia nirudi baada ya mwezi ipimwe tena.

Sikuuliza maana yake. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo niliogopa jibu. Nikajiambia damu inayozama hivyo ni chafu, na damu chafu sisi huku tunajua dawa yake. Nikamwendea Bi Mwanasha, anayeumika watu: huchanja ngozi kwa wembe, hubandika pembe, hunyonya damu.

"Shikamoo, bibi. Nitoe damu mbovu yote, nipeleke safi hospitalini."

"Marahaba, mwanangu. Yote nikiitoa utarudi nyumbani na nini?"

Hata hivyo nilimsihi. Mwezi ule niliumikwa mara nne.

Ndugu zangu, kipimo cha pili kiliandikwa tisini na tano. Nilitoka nje nikiamini damu imezidi kuharibika na kifo kimekaribia. Nilikusudia kuvuka mpaka nipotelee Tanganyika, Damari asinione nikioza. Penye ua wa hospitali nikaomba: "Bwana, niondoke au niulize?" Sikusikia sauti. Ila miguu yangu, iliyozoea kuondoka, siku hiyo ilikataa. Nikarudi ndani.

"Bwana mkubwa, damu yangu inazama kwa nini?"

Mpima damu aliziona chale mabegani. "Na hizi?"

"Nimeumikwa, niwaletee damu safi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Kaka, umetuletea damu pungufu! Aliyepungukiwa damu, damu yake huzama upesi zaidi. Sehemu ya namba hii umeitengeneza mwenyewe."

Kisha akanieleza taratibu. Uvimbe wa viungoni hufanya chembe nyekundu zishikamane, ndiyo maana huzama haraka. Lakini magonjwa mengine nayo hufanya hivyo. Namba ile haisemi ugonjwa ni upi, wala mtu atakufa lini.

"Na ile ya Mombasa?"

"Imeonyesha dalili ya baridi yabisi. Lakini wapo wazima wanaoionyesha, na wapo wagonjwa wasioionyesha. Ndiyo maana daktari alianza na vidole vyako. Karatasi inamsaidia tu."

Nilikaa kwenye benchi nikalia kwa furaha. Ugonjwa nilikuwa nao bado. Hukumu ya kifo niliyokuwa nimeibeba haikuwapo.

Nilipewa vidonge vya kumeza baada ya chakula, na dawa ya kuongeza damu. Nikaambiwa nipumzike vidole vinapovimba, na kuvikunjua katika maji ya uvuguvugu. Kwa Bi Mwanasha sikurudi, ila kumsalimu. Miezi ikapita, kipimo kikashuka hadi arobaini. Zaidi ya hapo, nikaweza kufua nazi tena. Si kama zamani, lakini Damari anakula, nami nala.

Kama unayo karatasi ya hospitali uliyoificha kwa hofu, nakusihi usiikimbie. Mtumaini Bwana, kisha irudishe kwa aliyeiandika, umuulize. Kuuliza si kukosa imani. Mimi Mungu aliniokoa kwa swali. Kidole hiki kimoja hakinyooki hata leo. Nakiinua kwake hivi hivi kilivyopinda, nikisema: asante.